Kamati ya Runinga Zinazoinama

Inatangazwa kwa wakazi wote wa Jumba la Baraka Tele, Kitengela, pamoja na wageni wao, mafundi wao na mashemeji wao wanaokuja kulala usiku mmoja na kukaa mwaka, kwamba hakuna runinga itakayoinama ndani ya jumba hili mpaka Kamati iamue kuinama ni nini.

Tangazo hilo niliandika mimi, Mureithi, Katibu. Nililibandika langoni, kwenye ngazi, na juu ya tangi la maji ambako hakuna mtu hupanda, ili asitokee wa kusema hakujua. Naeleza yaliyotokea kwa sababu mtaani kuna maneno mengi, na wanaoyasema sana ni watu ambao hawajawahi kukaa kwenye kikao hata kimoja.

Yalianza na mbuzi. Koko Naisula, mama mzee wa Kimuka, alikuwa akimfukuza mbuzi wake atoke kwenye boma la jirani, akateleza kwenye jiwe, akavunjika nyonga. Mbuzi alirudi nyumbani mwenyewe. Koko ndivyo Wamaasai wanavyomwita nyanya, na hata sisi tusio wajukuu wake tulimwita hivyo. Hospitali ilimtengeneza, kisha daktari akaamuru alale chali, bila mto, bila kuketi, mpaka mfupa ushike. Binti yake Ruth, mwalimu anayekaa ghorofa ya tatu kwetu, akamchukua akamlaza kwenye chumba kinachotazama barabara ya Namanga.

Koko anapenda vitu viwili duniani: mbuzi wake, na taarifa ya habari ya saa moja jioni, hasa pale mwishoni wanaposema mvua itanyesha wapi. Mbuzi walikuwa Kimuka. Runinga ilikuwa pale pale chumbani, juu ya meza, lakini mtu aliyelala chali haoni meza. Anaona dari. Koko aliitazama hiyo dari mpaka akaijua kila ufa, kisha akaanza kurudisha sahani ikiwa na chakula.

"Nirudisheni Kimuka," akamwambia Ruth. "Huko nikilala naona mawingu. Hapa naona simiti tu."

Daktari alikuwa ameonya kwamba akirushwarushwa kwenye barabara ya Kimuka kabla mfupa haujashika, hatatembea tena. Ruth akaona dawa ni moja: runinga ipande juu ukutani, halafu iinamishwe imwangalie mama yake kitandani. Akaja kuomba ruhusa ya kutoboa ukuta.

Hapo ndipo Kamati inapoingia.

Jina lake kamili ni Kamati ya Muda ya Kudumu ya Kuta na Vitu Vinavyoning'inia. Ni ya muda kwa sababu haikuchaguliwa na mtu, na ni ya kudumu kwa sababu hiyo hiyo. Mwenyekiti ni Bwana Githongo, mstaafu wa idara moja ya serikali ambayo hataji jina lake kwa sababu za usalama. Mimi ni Katibu. Wa tatu ni Sheryl, msichana wa ghorofa ya kwanza anayeuza viatu mtandaoni, ambaye tulimweka ili vijana wawakilishwe na ili mtu fulani ajue kutumia simu.

Githongo alimpokea Ruth sebuleni kwake akiwa amevaa tai.

"Mwalimu," akasema, "hicho kifaa unachoomba kinaitwaje?"

"Braketi, Mzee. Ile inainama."

"Kwa lugha ya Kamati?"

Ruth alinitazama. Nikamsaidia. "Kishikilia-runinga cha ukutani chenye uwezo wa kuinama."

"Haya, sasa tunaongea. Na kinainama kuelekea wapi?"

"Chini. Kwa mama yangu."

Githongo akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeletewa habari za msiba alioutarajia. "Unaona shida? Leo ni runinga inainama. Kesho ni kabati. Kesho kutwa ni jengo. Jengo ikianza kuinama, Mwalimu, tutaishikilia na nini?"

"Mzee, ni TV tu. Na niko na mgonjwa."

"Pole kwa mgonjwa. Lakini Kamati haishughulikii wagonjwa, inashughulikia kuta."

Ombi likapitishwa kwa hatua ya kwanza, yaani ya kuchunguzwa. Shughuli zote za kutoboa kuta zikasimamishwa jumba zima, kwa waraka alioutia sahihi Mwenyekiti kwa wino wa kijani, mpaka uchunguzi umalizike.

Tulianza na duka la Wayua, mama anayeuza vitu vya umeme karibu na steji. Alitutolea braketi tatu akaziweka kwenye kaunta. Ya kwanza ilikuwa ya kubana runinga ukutani, tuli. Ya pili ilikuwa ile inayoinama. Ya tatu ilikuwa na mkono wa chuma unaovutwa na kugeuzwa huku na huku.

"TV ni inchi ngapi?" akauliza Wayua. "Matundu ya nyuma yameachana aje? Ukuta ni wa mawe ama ni zile mbao wanapaka rangi?"

"Hatujaja kununua," akasema Githongo. "Tumekuja kufahamu."

"Basi fahamuni mkisimama kando. Kuna wateja."

Mwenyekiti aliichukua ile ya mkono, akauvuta, ukaja mpaka kifuani pake. "Huu mkono unanyooshwa kwa nani?" akauliza kwa sauti ya chini. Mtu aliyefanya kazi serikalini anajua mkono ulionyooshwa unangoja nini. Tukairudisha.

Kisha akashika ile inayoinama. Akaisukuma kidogo, ikainamisha kichwa. Akaisukuma tena, ikainama tena. Akaniambia kwa huzuni, "Mureithi, hii inakubali kila kitu. Haina msimamo."

Sheryl akasema, "Lakini Chair, si ndio kazi yake?"

Tukaondoka. Sheryl alibaki nyuma akimuuliza Wayua kama angependa amletee viatu vya mtoto kutoka Ngong, jambo ambalo halikuwa kwenye ajenda.

Baadaye tulizuru chumba chenyewe. Nilimsalimia mgonjwa kwa adabu, "Takwenya, Koko," naye akajibu "Iko" bila kugeuka, kwa kuwa hakuweza. Alikuwa amekonda. Kwenye kiti pembeni palikuwa na bakuli la uji, umeshika utando juu.

"Katibu," akasema Githongo, "lala."

Nikalala sakafuni kando ya kitanda, nikiwa na suti, ili Kamati ipate picha ya hali halisi. Mwenyekiti na Ruth wakainua runinga mpaka juu ukutani wakaishikilia ikiwa imesimama wima, kama ambavyo braketi tuli ingeishika.

"Unaona nini?" akauliza.

"Naona dirisha," nikasema, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Kioo kizima kilijaa mwangaza wa dirisha, na katikati yake kiatu changu. "Na kiatu."

"Picha je?"

"Iko, lakini ni nyeusi."

Koko alinitazama kwa pembe ya jicho. "Huyu naye ameumwa na nini?"

"Yuko kazini, yeyo," Ruth akamjibu mama yake.

"Aki pole," akasema Koko. Na kwa kweli alinihurumia. Niliona usoni mwake. Niliandika kwamba mandhari ilionekana lakini picha inahitaji utafiti zaidi.

Mwenyekiti aliamua kwamba kwa kuwa runinga haiwezi kuinama kabla ya utafiti, mgonjwa anaweza kuinuliwa. Ruth akamkumbusha maagizo ya daktari. Githongo akasema atamwandikia daktari. Ruth alichukua lile bakuli la uji, akatoka nalo jikoni, na tulimsikia akilimwaga.

Utafiti ulitupeleka Namanga. Kuna watu wameuliza kwa nini Namanga. Ni mpakani, na mtu akitaka kujua nchi inaning'iniza vipi runinga zake lazima aende mahali nchi inapoishia. Tulikwenda mimi na Mwenyekiti. Sheryl tulimwacha alinde ofisi, yaani simu. Tulichunguza runinga katika hoteli kadhaa za nyama choma, tukizitazama kutoka pande zote za meza. Madereva wa malori waliokuwa hapo walitushauri tukae upande ambao moshi haufiki, na huo ndio ulikuwa mchango wa wadau.

Tuliporudi, tukiwa tumeshiba na tumepata mwanga, tulipata runinga ya Ruth iko juu ukutani. Imeinama.

Siku ile tulipoondoka alikuwa ameenda kwa Wayua na vipimo vyake, akachukua braketi ya kuinama, akamwita fundi Muthama. Muthama alipima ukuta kwa pima maji, akatoboa, akafunga, akainamisha ile runinga mpaka Koko aliposema "hapo." Tulipogonga mlango Koko alikuwa akitazama mkutano wa magavana, na mkononi alikuwa na mfupa wa mbuzi ameutafuna mpaka ukang'aa.

"Nani amekupa kibali?" akauliza Githongo.

"Mzee, mama alikuwa ameacha kula," akasema Ruth. Hakutoka mlangoni. "Ningengoja mpaka lini? Mpaka mrudi mkute mifupa yake?"

Mwenyekiti akaitisha mkutano mkuu wa wakazi wote, hoja ikiwa moja: runinga hiyo ishushwe. Wakati tukingoja siku ya mkutano aliona ni vizuri jumba lipate mfano wa kuiga. Akanunua runinga kubwa, pana kama mlango wa gereji, na braketi tuli, akamwita Muthama yule yule. Waraka wa kusimamisha utoboaji haukumhusu, kwa sababu yeye hakuwa akitoboa, alikuwa akionyesha.

Muthama alipanda ngazi, akaiinua ile runinga. "Hapa, Mzee?"

"Juu zaidi. Kitu cha heshima hutazamwa kwa kuinua macho."

Muthama akapandisha mpaka kichwa chake kikagusa dari. "Hapa?"

"Juu zaidi."

"Mzee, juu zaidi ni kwa jirani."

Ikafungwa hapo, wima, chini kidogo ya dari. Wakazi walialikwa kuja kuiona, na kwa kuwa mfano hauwezi kuachwa bila mtazamaji, Githongo aliitazama yeye mwenyewe asubuhi mpaka jioni. Alikaa kwenye sofa iliyo karibu sana na ukuta ule, maana sebule zetu si kubwa, ameegemeza kisogo mgongoni, mdomo wazi. Alitazama bunge, mpira, mahubiri, matangazo ya unga. Nilimpelekea chai mara nyingi na sikumwona akilalamika. Aliteremsha kichwa ili anywe tu, na kila mara kilichukua muda kidogo zaidi kushuka.

Asubuhi ya mkutano hakikushuka.

"Mwenyekiti," nikasema nilipomkuta, "shingo yako ina shida?"

"Haina shida," akaiambia dari. "Ina msimamo."

Nilimshika mkono nikamteremsha ngazi hatua kwa hatua mpaka uwanja wa kuegeshea magari, ambako wakazi walikuwa wamekusanyika. Walipomwona anakuja uso ukiwa mbinguni walidhani anaomba. Wanaume wakavua kofia. Mama mmoja wa ghorofa ya nne akasema amina.

Mwenyekiti alizungumza vizuri. Alieleza hatari ya kuinama kwa taifa lolote linaloendelea. Alitoa mifano ya Namanga, akiruka nyama. Kisha akampa Ruth nafasi ya kujitetea, fupi.

"Mimi sina mengi," akasema Ruth. "Mama yangu amekula leo. Ameniuliza kama mvua imefika Kimuka, akapiga simu mwenyewe kuuliza mbuzi. Mkitaka kushusha hiyo TV, pandeni juu mumwambie nyinyi. Mimi sitaweza."

Mtu mmoja alivuta kamasi.

"Asante," akasema Githongo. "Tupige kura. Wanaotaka runinga ishushwe, inueni mikono."

Hakuna mkono ulioinuka. Mimi nilikuwa na kalamu mkononi, kwa hiyo nisihesabiwe.

Mwenyekiti alitazama juu kwa makini. "Naona wengi," akasema. "Wanaopinga?"

Uwanja mzima ukainua mikono, wengine miwili miwili. Muthama, ambaye hata si mkazi, aliinua pima maji.

"Hakuna hata mmoja," akasema Githongo. "Hoja imepita."

"Chair," akasema Sheryl, "uliyoona si mikono. Hao ni korongo wanapita."

Sijui nani alianza kucheka. Nadhani ni yule mama wa amina. Kicheko kilizunguka uwanja, kikapanda mpaka kwenye roshani ambako watu walikuwa wameinamia chini kututazama. Githongo alikasirika, na mtu akikasirika hutaka kumtazama aliyemkasirisha. Akakaza shingo iteremke kwa nguvu. Ikalia, tukaisikia sote, kama kuni kavu. Akaporomoka.

Aliyemdaka ni Ruth, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. Alimlaza chini polepole, akamshikilia kichwa kwa mikono miwili. "Usijikaze, Mzee. Pumua. Pumua tu." Kicheko kikakatika. Muthama akaenda kutafuta gari, nasi tukampeleka hospitali.

Hakuvunjika kitu. Misuli ilikuwa imekasirika, daktari alisema, na dawa yake ni kulala chali, bila mto, bila kuketi, mpaka ilegee. Mke wake alikuwa ameenda kwa binti yao aliyejifungua, kwa hiyo mimi ndiye niliyemtandikia godoro sebuleni, chini ya Runinga ya Mfano. Niliiwasha nikamwachia.

Hakukaa sana akaniita.

"Mureithi, sioni."

"Unaona nini?"

"Naona dirisha." Akajikinga macho kwa kiganja. "Mwite Muthama. Aje abadilishe braketi. Alete ile nyingine."

"Ipi, Mwenyekiti?"

Alifumba macho. "Ile inainama."

Ilinibidi nimkumbushe, kwa heshima zote, kwamba utoboaji umesimamishwa kwa waraka wake mwenyewe na ni Kamati tu inayoweza kuuondoa. Na kwa kuwa Mwenyekiti ni mgonjwa, na Katibu kikanuni haongozi vikao, kaimu Mwenyekiti ni Sheryl. Nikampelekea Sheryl ombi hilo kwenye ghorofa ya kwanza. Alikuwa akifunga viatu kwenye karatasi.

"Mimi siwezi amua kitu sijafanyia utafiti," akasema. "Na mimi sijawahi pelekwa Namanga."

"Unataka kwenda Namanga?"

"Ijumaa. Na mabeshte wangu wawili, kama wadau."

Nilirudi nikamweleza Githongo kwamba mambo yanakwenda vizuri. Aligeuza macho ukutani. Hakugusa chai niliyomwekea, wala ile ya jioni yake. Siku iliyofuata aliniuliza ni saa ngapi, na baada ya muda kidogo akaniuliza tena. Sijawahi kumsikia mtu mkubwa akiuliza saa kwa sauti ile. Nilitoka nikasimama kwenye ngazi, na hapo ndipo Ruth aliponikuta akitoka shule, na vitabu vya wanafunzi kifuani.

"Anaendelea aje?"

"Anatazama dari," nikasema.

Ruth alisimama akafikiria. Mtu mwingine angecheka, ningeelewa. "Mleteni juu," akasema. "Nafasi ya godoro iko."

Tulimbeba na godoro lake, mimi, Muthama na wanaume wawili wa ghorofa ya pili, tukipinda kwenye kona za ngazi, naye akituelekeza huku ameyafumba macho. Tukamlaza sakafuni, sambamba na kitanda cha Koko. Ile runinga iliyoinama ilikuwa ikiwatazama wote wawili barabara. Mwangaza wa taa za barabarani kupitia dirishani haukuigusa. Taarifa ya saa moja ilikuwa ndiyo inaanza, na kila herufi ilisomeka.

Githongo alishusha pumzi ndefu. Ruth akamletea uji kwa mrija, akaumaliza wote.

"Sopa, olpayian," Koko akamsalimia kwa Kimaasai, akimwita mzee, bila kuondoa macho kwenye picha. "Wewe ni nani?"

Hawakuwahi kujuana. Siku zote alizokuja pale alikuwa ameongea na ukuta.

"Mimi ni Mwenyekiti," akasema Githongo.

Koko alifikiria jambo hilo mpaka tangazo la biashara likaisha. Kisha akamwangalia kwa pembe ya jicho, pale chini alipolala chali na mrija mdomoni.

"Mwenyekiti," akasema. "Na kiti kiko wapi?"

Chumbani mle palikuwa na kiti kimoja tu, na nilikuwa nimekikalia mimi. Nilifikiria kusimama. Lakini walikuwa wamefika kwenye habari za mvua, na nikaona si adabu kumkinga Koko asione.